Breki za gari kuukuu: Jinsi ya kuchagua vipuri vya haidroliki vinavyooana

DEREVA wa gari kuukuu anayeteremka kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu huwa na swali moja tu akilini anapokanyaga breki kwa mara ya kumi katika kona zile: je, kanyagio litaendelea kusimama pale pale liliposimama awali? Likianza kuzama, hata kwa upana wa kidole, mteremko uliosalia huwa mrefu mno.

Hofu ya namna hiyo ndiyo inayowasukuma wamiliki wengi wa magari ya zamani, kuanzia Land Rover za dramu nne hadi saluni za Kijapani za miaka ya themanini, kutafuta breki bora zaidi. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, haikosi kalipa kubwa, diski pana na silinda kuu zilizong'olewa kwenye magari mengine. Wakielewana bei, kipuri hufungwa alasiri hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba breki si kifaa kimoja. Ni mlolongo wa pistoni za ukubwa mbalimbali, zilizopimwa pamoja ili zifanye kazi pamoja. Kipuri kikubwa kikiwekwa mahali pa kidogo bila ya hesabu, gari laweza kuchelewa kusimama kuliko lilivyokuwa na breki zake za kiwandani, na mwenyewe akatambua hivyo siku ya kwanza atakayolazimika kusimama ghafla.

NGUVU HUNUNULIWA KWA MWENDO

Breki za haidroliki hutegemea kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo linalotiwa katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mguu husukuma kanyagio, kanyagio husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, nacho kiowevu hupeleka shinikizo hilo hadi kwenye pistoni zilizo magurudumuni.

Kwanza kuna kanyagio lenyewe, ambalo ni wenzo. Katika gari lisilo na busta, uwiano wake kwa kawaida hukaribia 6 kwa 1. Katika gari lenye busta huwa karibu 4 kwa 1. Maana yake ni kwamba dereva anayesukuma kwa nguvu ya kilo 30 katika gari lisilo na busta huifanya pistoni ya silinda kuu isukumwe kwa kilo 180.

Kinachofuata hutegemea kipenyo cha silinda hiyo. Silinda ya inchi 3/4 ina eneo la sentimita 2.85 za mraba, na kilo zile 180 huzaa humo shinikizo la takriban kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba. Silinda ya inchi 7/8 hutoa kilo 46, na ile ya inchi 1 hutoa kilo 35 na nusu. Mguu ni ule ule na kanyagio ni lile lile, lakini shinikizo limepungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa sababu tu silinda imekuwa pana.

Wengi hushangaa wanapolisikia jambo hili, maana mazoea ya sokoni ni kuamini kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu. Kwa silinda kuu ni kinyume.

Hata hivyo, silinda ndogo nayo ina gharama yake. Kanyagio likishuka sentimita 12 katika uwiano wa 6 kwa 1, pistoni ya silinda kuu husogea sentimita 2. Ile ya inchi 3/4 itakuwa imetoa kiowevu cha sentimita 5.7 za ujazo, ilhali ya inchi 1 itakuwa imetoa zaidi ya 10. Ikiwa pistoni za magurudumuni zinahitaji 8 ili pedi ziibane diski sawasawa, silinda ndogo itafika mwisho wa safari yake kabla kazi haijakamilika. Hilo ndilo kanyagio linalogusa sakafu.

Kwa hiyo hakuna silinda kuu iliyo bora kwa jumla. Ipo tu inayolingana na pistoni zilizo upande wa pili wa mrija.

HESABU YA GARI MOJA

Chukua saluni ndogo yenye silinda kuu ya inchi 13/16, kipimo ambacho ni cha kawaida katika magari mengi ya Kijapani. Kalipa zake za mbele zina pistoni moja moja ya milimita 48, na nyuma kuna dramu zenye silinda za inchi 11/16. Mwenyewe amepata kalipa za gari zito zaidi, zenye pistoni za milimita 60, pamoja na diski zake.

Pistoni ya milimita 48 ina eneo la sentimita 18.1 za mraba; ya milimita 60 ina 28.3. Ongezeko ni la asilimia 56. Akizifunga bila ya kubadilisha kitu kingine, nguvu ya kubana mbele itaongezeka kwa kiwango hicho, na kiasi cha kiowevu kinachohitajika mbele kitaongezeka kwa kiwango hicho hicho. Kanyagio litashuka chini sana. Siku ya kwanza dereva atafurahi kwa kuwa breki ni nyepesi, lakini pedi zikilika kidogo, au kiowevu kikipata joto, hatakuwa na akiba ya mwendo wa kanyagio.

Njia ya kurudisha ulinganifu ni kutafuta silinda kuu itakayorejesha uwiano wa awali baina ya eneo la pistoni ya kalipa na eneo la silinda kuu. Awali ulikuwa 18.1 kwa 3.35, yaani takriban 5.4. Kwa pistoni mpya, silinda kuu ya inchi 1, yenye eneo la 5.07, hutoa uwiano wa karibu 5.6. Ni karibu sawa na ule wa kiwandani. Faida ya diski kubwa haitapotea: diski pana hushikwa mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, hivyo mbano ule ule huzaa nguvu kubwa ya kusimamisha, na chuma kingi humeza joto jingi.

Mafundi wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa la pili hujificha. Silinda kuu mpya hupunguza shinikizo katika mfumo mzima, si mbele tu. Mbele upungufu huo umefidiwa na pistoni kubwa. Nyuma haukufidiwa na chochote: silinda za dramu sasa zinapata asilimia 66 tu ya shinikizo zilizolipata zamani kwa msukumo ule ule wa mguu. Breki za nyuma zimedhoofika kwa thuluthi moja pasipo mtu kuzigusa.

Dawa yake ni kuongeza silinda za nyuma pia. Zikibadilishwa kutoka inchi 11/16 hadi 13/16, kazi ya nyuma hurudi kufikia asilimia 92 ya ile ya awali. Zikipandishwa hadi inchi 7/8 itafika asilimia 107. Kati ya hizo mbili, 13/16 ni salama zaidi, kwa sababu ambayo inastahili kuelezwa kwa urefu.

MAGURUDUMU YA NYUMA YASITANGULIE KUKWAMA

Gari linaposimama kwa ghafla, uzito huhamia mbele. Pua huinama, mkia huinuka, na magurudumu ya nyuma hubaki yakiigusa lami kwa uzito mdogo. Breki za nyuma zikiwa na nguvu kupita kiasi, magurudumu yale huacha kuzunguka na kuanza kuteleza.

Gurudumu linaloteleza hupoteza uwezo wa kulishika gari lisiende upande. Ya mbele yakikwama, gari huenda moja kwa moja na usukani hauitikii. Ni hatari, lakini dereva akilegeza mguu hulirudisha. Ya nyuma yakikwama kwanza, mkia hutaka kutangulia. Gari hugeuka mzima mzima, na katika barabara ya njia mbili hujikuta upande wa yanayokuja. Ndiyo maana viwanda huhakikisha kwamba mbele ndiko kunakotangulia kukwama.

Njia mojawapo wanayotumia ni vali ya kugawa shinikizo, inayopunguza ongezeko la shinikizo la nyuma baada ya kiwango fulani. Kwenye pikapu kama Toyota Hilux, vali hiyo huunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma ili itambue kama gari limebeba mzigo au la. Likiwa tupu, nyuma hupewa kidogo. Likijaa, hupewa zaidi.

Fimbo hiyo huonewa sana. Huchakaa, hukwama kwa kutu, au hung'olewa na fundi anayeiona kuwa kero, kisha mirija ikaunganishwa moja kwa moja. Pia mwenye gari anayeinua springi za nyuma ili apite kwenye matope huidanganya vali bila ya kujua, maana kwake ekseli iliyo mbali na bodi humaanisha gari tupu. Kila anayebadilisha breki za pikapu hana budi kuirekebisha vali hii upya kwa kufuata kitabu cha gari hilo.

Zipo vali za kuzungusha kwa mkono zinazouzwa kwa ajili ya magari ya mashindano. Hizi hupunguza shinikizo la nyuma tu, haziwezi kuliongeza. Nyuma ikiwa dhaifu kwa sababu ya silinda kuu iliyokuwa kubwa mno, vali haitasaidia kitu.

KALIPA ZA PISTONI NNE

Kalipa zenye pistoni mbili au nne, zilizopangwa pande zote mbili za diski, hupendwa kwa sura yake. Kosa la kawaida ni kujumlisha pistoni zote nne na kudhani kwamba nguvu imeongezeka maradufu. Katika kulinganisha na kalipa ya pistoni moja inayoteleza, huhesabiwa pistoni za upande mmoja tu, kwa kuwa kalipa inayoteleza huvuta pedi ya upande wa pili kwa nguvu ile ile.

Mfano ni rahisi. Kalipa ya pistoni nne za milimita 38 ina pistoni mbili kila upande, zenye jumla ya sentimita 22.7 za mraba. Kalipa ya kawaida yenye pistoni moja ya milimita 54 ina 22.9. Nguvu zake za kubana ni sawa. Ile ya pistoni nne huwa ngumu zaidi, haipanuki sana inapobana, nayo hueneza mbano vizuri juu ya pedi ndefu, lakini mnunuzi asilipe akitarajia mbano maradufu.

DRAMU NA DISKI HAZITUMII MASTA MOJA

Land Rover Series III, zilizoundwa hadi 1985, zilikuwa na dramu kwenye magurudumu yote manne. Zile fupi za inchi 88 zilitumia dramu za inchi 10 kwa miaka mingi, na ndefu za inchi 109 zilitumia za inchi 11. One Ten iliyotolewa mwaka 1983 ilikuja na diski mbele, na tangu hapo wamiliki wa Series wamekuwa wakitamani kuhamisha breki hizo. Kazi hiyo inawezekana, lakini silinda kuu iliyolihudumia gari la dramu haifai kubaki.

Sababu ya kwanza ni vali ndogo ya kubakiza shinikizo. Silinda kuu nyingi za zamani za dramu zina vali inayozuia shinikizo lisishuke kabisa dereva anapoachia kanyagio. Hubakisha takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba, ili raba za silinda za magurudumu zishikilie ukuta wake na hewa isiingie. Dramu zina springi kali za kuvuta viatu nyuma, hivyo hazidhuriki. Diski hazina springi kama hizo. Shinikizo lile lile likibaki kwenye kalipa, pedi huendelea kusugua diski safari nzima, joto hupanda, na gari hula petroli kwa wingi huku mwenyewe akilaumu kabureta.

Sababu ya pili ni hifadhi ya kiowevu. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa husogea nje na hazirudi, na nafasi iliyoachwa nyuma yake hujazwa na kiowevu kutoka kwenye kibuyu. Kibuyu kidogo cha gari la dramu chaweza kukauka kabla pedi hazijaisha.

Sababu ya tatu ni nguvu. Viatu vya dramu vinavyoelekea upande wa mzunguko hujivuta vyenyewe na kujiongezea mbano. Diski haina msaada huo, hivyo huhitaji shinikizo kubwa zaidi. Gari lililosimama vizuri kwa dramu bila ya busta huenda likahitaji busta baada ya kupata diski.

Kuna jambo la nne ambalo si la hesabu. Magari mengi ya zamani yana silinda kuu ya chumba kimoja, ambapo mrija mmoja ukipasuka breki zote hupotea. Marekani ilianza kuyataka magari mapya ya abiria yawe na saketi mbili za breki mwaka 1968. Anayegharamika kubadilisha silinda kuu ya chumba kimoja hana sababu ya kununua nyingine ya chumba kimoja. Aangalie tu kwamba chumba kinachohudumia kalipa na kile kinachohudumia dramu havikubadilishana, kwani katika baadhi ya silinda vyumba hivyo havilingani.

BUSTA, DIZELI NA MWINUKO

Busta hutumia tofauti baina ya kani ya hewa ya nje na ombwe linalovutwa na injini. Injini ya petroli huzalisha ombwe hilo yenyewe. Injini ya dizeli haizalishi la kutosha, na huhitaji pampu, ambayo mara nyingi hufungwa nyuma ya altaneta. Land Rover iliyobadilishiwa injini ikawekewa dizeli, kisha ikapewa busta bila ya pampu, ina busta ya mapambo.

Mwinuko nao una athari ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za pwani na tambarare havisemi sana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Upeo wa msaada wa busta hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Huko Timboroa hupungua zaidi. Busta ndogo iliyotosha Mombasa huenda ikamtaka dereva asukume kwa nguvu zaidi bara, na hilo liingizwe kwenye uamuzi pale mtu anaposita baina ya silinda kuu mbili: busta ikiwa dhaifu, silinda ndogo humpunguzia mguu kazi, mradi mwendo wa kanyagio unatosha.

Fimbo inayotoka kwenye busta kuingia kwenye silinda kuu nayo ipimwe. Lazima pabaki mwanya mdogo, kwa kawaida wa nusu milimita hadi milimita moja, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Fimbo ikiwa ndefu, pistoni hairudi mwisho na tundu dogo linalorudisha kiowevu kwenye kibuyu hubaki limezibwa. Kiowevu kikipata joto hutanuka, hakina pa kwenda, na breki hujikaza zenyewe kidogo kidogo hadi gari linakataa kusonga. Likipoa, linaachia. Fundi aliyeitwa barabarani hufika akakuta hakuna ubovu.

MIRIJA, NATI NA KILE KINACHOITWA MAFUTA

Magari ya Kiingereza ya zamani hutumia nyuzi za inchi. Ya Kijapani na ya bara Ulaya hutumia za milimita. Nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi ina unene wa milimita 9.5, na inaweza kuingia kwenye tundu la milimita 10. Itazunguka, itakaza kiasi, na haitavuja ikijaribiwa kwa upole. Siku ya kukanyaga kwa nguvu zote, nyuzi chache zilizoshikana zitakatika. Kwa hiyo nati zipimwe kwa geji ya nyuzi, si kwa kujaribu kuzungusha kwa vidole.

Midomo ya mirija pia hutofautiana. Ya Kijapani na ya Kiingereza cha Marekani, kama mafundi wanavyoiita kwa mzaha, hukunjwa mara mbili na kuwa kama faneli; magari mengi ya Ujerumani na Ufaransa hutumia mdomo wenye umbo la uyoga. Mdomo mmoja ukikandamizwa kwenye kikalio cha mwingine huziba kwa muda tu. Mrija mpya uwe wa chuma au wa mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotengenezwa kwa ajili ya breki. Mirija ya shaba ya friji haina kazi hapa.

Kiswahili nacho kimechangia madhara. Kimiminiko hiki huitwa mafuta ya breki, ilhali katika magari mengi hakina mafuta ya petroli hata tone. Mtu anayeamini jina hilo akaongeza oili ya injini au ya usukani, hata kijiko kimoja, huvimbisha raba zote kuanzia silinda kuu hadi kalipa, na dawa huwa ni kubadilisha kila raba na kusafisha kila mrija.

Aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zimetokana na glikoli na zinaweza kukutana katika mfumo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni, na licha ya jina lake kufanana na 5.1 haichanganywi nazo. Nambari hizo huonyesha hasa uwezo wa kustahimili joto. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 kabla ya 230. Lakini kiowevu cha glikoli hunyonya unyevu wa hewani. Kikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotumika katika vipimo rasmi, mipaka hiyo huweza kushuka hadi 140 na 155.

Hapo ndipo swali la mteremko wa Mai Mahiu hupata jibu. Kiowevu cha miaka mitano kikichemka ndani ya kalipa hugeuka mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na kanyagio huzama. Mwenye gari aliyenunua kalipa za bei kubwa na kuacha kiowevu cha zamani amebaki na hatari ile ile aliyoikimbia. Kibadilishwe chote kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi rafuni isitumiwe.

KUNUNUA NA KUJARIBU

Njia fupi kwa asiyetaka hesabu ni kununua vyote kutoka kwa gari moja: kalipa, diski, silinda kuu, busta na vali ya kugawa, vilivyotoka kwenye modeli yenye uzito unaokaribiana na wa gari lake na mgawanyo wa uzito unaofanana. Muuzaji akisema silinda imetoka kwenye gari fulani, atazamwe usoni, kisha itazamwe silinda yenyewe. Nyingi za Kijapani zina kipimo kilichochorwa kwenye chuma: 13/16, 7/8, 15/16 au 1. Isiyo na alama ifunguliwe na kupimwa kwa kalipa ya kupimia.

Silinda ya mtumba ikaguliwe ndani kwa tochi. Yenye vishimo vya kutu haifai hata ikiwekewa raba mpya. Zile za aluminiamu zisisuguliwe kwa msasa, kwani ngozi ngumu iliyo juu ya chuma huondoka na raba mpya huliwa katika muda mfupi. Hosi za mpira zinunuliwe mpya daima, na zipimwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, gurudumu likiwa limeinuka na likiwa limeshuka.

Baada ya kutoa upepo, jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama. Injini ikiwa imezimwa, kanyagio hukanyagwa mara kadhaa hadi busta iishiwe na ombwe, kisha hushikiliwa kwa nguvu kwa dakika moja. Likizama polepole, kuna mvujo, ama nje ama ndani ya silinda kuu. Injini ikiwashwa huku mguu ukiwa palepale, kanyagio linapaswa kushuka kidogo. Lisiposhuka, busta haifanyi kazi.

Jaribio la pili hufanywa kwenye uwanja mpana usio na watu, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, msaidizi akiwa amesimama kando mbali na njia ya gari. Kazi yake ni kuangalia ni magurudumu gani yanayotangulia kukwama. Yakiwa ya nyuma, gari halitoki uwanjani. Lirudiwe tena likiwa na mzigo ikiwa ni pikapu. Vipimo vya uhakika zaidi hupatikana kwenye mashine ya rola ya vituo vya ukaguzi, kama kile cha Likoni Road jijini Nairobi, ambayo husoma nguvu ya kila gurudumu peke yake. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kuhusu mabadiliko hayo kabla, si baada ya ajali.

Mwisho, vipenyo vya silinda kuu, vya kalipa na vya silinda za nyuma, pamoja na modeli ya gari vilikotoka na aina ya kiowevu kilichotiwa, viandikwe kwenye kibati kidogo kifungwe chini ya boneti. Fundi atakayeagiza raba miaka minne baadaye atatazama jina la gari, ataleta za kiwandani, na hazitaingia.